Bonge Jeusi Ufuoni: Limetoka Wapi?

Maandishi ya hotuba kwa wavuvi na wakazi wa kando ya ziwa



Mvuvi akinasa bonge jeusi linalonata, maneno mawili huanza ufuoni. Mmoja husema kuna mtu amemwaga oili chafu ya injini. Mwingine husema mafuta yamepatikana, na kufikia jioni dalali wa mashamba ameshafika! Macho hayawezi kuamua kesi hii. Maabara inaweza.

Chukueni mfano wa Ziwa Tanganyika. Karibu na Rasi ya Kalamba, upande wa Kongo, mafuta huchipuka kutoka chini na kuelea kilomita 3 hadi 4 kutoka nchi kavu. Ufuoni kuna lami. Wanasayansi walilinganisha lami hiyo na mafuta ya majini, wakakuta yanafanana: ndani yake mna molekuli zilizotokana na mwani na bakteria. Hiyo ndiyo kazi ya jiokemia, kusoma ndani ya mafuta alama za viumbe vilivyoyazaa, kama mtoto anavyotambulika kwa sura ya ukoo.

Kisha wakapima kaboni 14. Lami ilionyesha umri wa miaka 25,600 hivi. Hapo ndipo penye utamu. Mafuta yanayotengenezewa dizeli na oili ya injini hutoka kwenye miamba ya mamilioni ya miaka, na kaboni 14 yake iliisha zamani. Lami ya Kalamba ni changa: joto la maji ya chini ya ardhi lilipika tope la ziwa lenyewe.

Hapa Kisumu, tusikimbilie kujilinganisha. Kina cha Tanganyika hupita mita 1,400, na tope lake limerundikana kwa kilomita kadhaa. Ziwa Victoria halifiki mita 100. Ni kweli bonde la Nyanza, lenye Ghuba ya Winam, liliwekwa katika kitalu 12B cha utafutaji wa mafuta, lakini utafutaji huo ni wa miamba iliyo chini sana. Bonge lililookotwa Dunga halithibitishi lolote.

Kwa hivyo msiuze wala kununua shamba kwa sababu yake. Msilichome, msilishike mikono mitupu. Andikeni tarehe na mahali, kisha mpeleke kipande katika ofisi ya NEMA. Likiwa ni oili iliyomwagwa, aliyemwaga ana kesi ya kujibu. Msitumie mfuko wa plastiki, kwani huchanganya kemikali zake na sampuli. Chupa ya jemu ya kioo inatosha, mradi ioshwe na kukaushwa vizuri.