Tukichagua Mbwa Mdogo wa Nyumbani

 

Jioni hii hatutazungumza juu ya korosho wala samaki. Tutazungumza juu ya mbwa. Tunaona baadhi yenu mnacheka. Chekeni tu, hata sisi tulicheka siku jambo hili lilipoletwa kwenye kikundi chetu cha kusoma. Mama mmoja, mwenzetu wa hapa Msimbati, alituuliza hivi: "Wajukuu zangu wanalilia mbwa. Wanataka mbwa mdogo, wa kucheza naye. Je, nichague mbwa gani?" Tulicheka, halafu tukanyamaza, maana hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua jibu. Basi tukasoma. Tukamwuliza afisa mifugo. Tukawauliza na wazee wanaofuga mbwa wa kulinda mashamba. Haya tunayowaambia ndiyo tuliyoyapata.

Zamani huku kwetu mbwa alikuwa wa shamba. Kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe pori na nyani wasimalize muhogo na karanga. Alilala dunguni na mwenyewe, akala alichotupiwa. Mbwa wa kucheza na watoto uani ni jambo jipya. Watoto wanaona picha kwenye simu: kijibwa cheupe, manyoya marefu, kimefungwa utepe kichwani. Nao wanataka hicho hicho.

Mbwa wa namna hiyo wapo, na wana majina yao. Yuko Chihuahua, ambaye asili yake ni Meksiko. Akiwa mtu mzima hazidi sana kilo 3, yaani uzito wa jogoo mzuri. Yuko Pekingese wa China, mwenye uso bapa na manyoya mengi, ambaye zamani alifugwa katika jumba la mfalme. Ni wazuri kwa kutazama, hatukatai. Lakini je, wanatufaa sisi?

Tufikirie joto kwanza. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Joto likimzidi hufungua mdomo, akatoa ulimi na kuhema haraka haraka. Hivyo ndivyo anavyojipoza. Sasa mbwa mwenye pua fupi njia zake za hewa ni nyembamba, na akivaa manyoya marefu juu yake, ni kama mtu aliyefunikwa blanketi mchana. Mchanga wetu wa Ruvula mnaujua. Saa saba mchana hata sisi wenye kandambili tunaruka ruka.

Halafu kuna kupe, na kuna mbung'o. Mbung'o haletei ng'ombe peke yake ugonjwa wa nagana. Mbwa naye huupata, na mbwa wa kutoka mbali huangushwa upesi. Hukonda, huwa na homa, na macho yake huingia ukungu mweupe. Kijana mmoja wa ukoo wetu alileta kijibwa cha manyoya marefu kutoka Dar es Salaam. Fedha aliyotoa ingenunua mbuzi kadhaa. Masika hayakwisha, kijibwa kikafa. Hatusemi alikosea kupenda mbwa. Tunasema alinunua mbwa wa mahali pengine.

Kumbe mbwa mdogo tunaye tayari. Mbwa wetu wa kienyeji, huyu mnayemwita koko, kwa kawaida huwa na kilo 10 hadi 15 hivi. Yule mbwa mkubwa wa Kijerumani anayetumiwa na polisi hufika kilo 30 na zaidi. Kwa hiyo wa kwetu ni mdogo. Manyoya yake ni mafupi, pua yake ni ndefu, na wazazi wake wameishi katika joto hili vizazi na vizazi. Tena wenzetu wa nje wamewahi kuona thamani ya mbwa wa Afrika kabla yetu. Katika misitu ya Kongo yuko mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine. Waingereza walimchukua kwao katika miaka ya 1930, wakampa jina la Basenji. Leo watu wa Ulaya na Marekani wananunua mbwa huyo kwa fedha nyingi. Sisi wa kwetu tunampiga mawe.

Basi kama ni wa kienyeji, tumchague vipi? Hapa ndipo tulipojifunza mengi.

Msitazame mtoto kwanza. Mtazameni mama yake. Nendeni nyumbani anakofugwa, mkae kidogo. Mama akikaribia watu kwa amani, akiacha watoto wa nyumba ile wapite karibu naye, ni dalili njema. Mama akiwa mkali kwa kila mtu, hata kwa anayempa chakula, ondokeni taratibu. Na mkitaka kujua mtoto atakuwa mkubwa kiasi gani, mama huyo ndiye kipimo chenu, na baba pia kama anajulikana. Mara nyingi hajulikani.

Umri nao una maana. Msichukue mtoto wa mbwa kabla hajafikisha wiki 8. Wengi wetu huwachukua wakiwa bado wananyonya, kwa sababu mwenyewe anataka kuwaondoa. Hilo ni kosa. Katika wiki zile mtoto hucheza na ndugu zake. Akimwuma mwenzake sana, mwenzake hulia na mchezo huisha. Hivyo hujifunza kuuma kidogo. Asiyejifunza kwa ndugu zake atakuja kujifunza kwenye vidole vya mjukuu wako.

Sasa piga magoti kati ya watoto wale. Piga makofi mara moja. Atakayeshtuka kisha akaja kunusa, huyo mwangalie. Anayejificha pembeni na hatoki kabisa, mwoneeni huruma lakini si wa nyumba yenye watoto wengi. Anayewakanyaga wenzake wote na kung'ang'ania kila kitu, huyo anafaa kwa mzee wa shamba. Umchukue yule uliyemwona mikononi. Macho yawe meupe bila tongo. Pua isitoke kamasi. Fungua mdomo, ufizi uwe na rangi nyekundu ya afya, usiwe mweupe. Tumbo likiwa limevimba kama ngoma na mwili umekonda, ana minyoo. Minyoo ina dawa, ila mjue mapema.

Dume au jike? Jike huwa mtulivu, lakini hubeba mimba miezi miwili tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Jiulizeni watoto hao watakwenda wapi. Mbwa wanaozurura ufukweni bila mwenyewe walizaliwa uani kwa mtu. Hao ndio wanaofukua mayai ya kasa mchangani, nasi tunaishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Afisa mifugo anaweza kuwaeleza namna ya kumfunga mbwa kizazi.

Wapo wazee waliotuuliza swali la dini, nalo ni swali la haki. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga ameruhusiwa, na hata wale vijana wa pangoni katika Kurani walikuwa na mbwa wao. Shekhe tuliyemwuliza alituambia mbwa akae nje, awe na chombo chake mwenyewe, asiingie mahali pa kuswalia, na asinyimwe maji wala kupigwa bure. Tuliona jambo moja hapo. Mbwa kulala nje, kuwa na chombo chake, na watoto kunawa baada ya kumshika, ndiyo hayo hayo aliyotuambia afisa mifugo kwa ajili ya minyoo.

Chakula si tabu. Ugali wa muhogo na mchuzi wa dagaa vinamtosha, na maji safi kila siku. Ila wavuvi, tafadhali: samaki aina ya bunju msimtupe ufukweni. Sumu yake inaua mtu, na mbwa akimla hafiki jioni.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike hotuba hii badala ya kuisema tu kwa mdomo, ili mwende nayo nyumbani mkaisome tena.

Katika kijiji kimoja cha ukanda wetu huu, hatutakitaja kwa heshima ya wafiwa, mtoto wa miaka minane alipewa kijibwa. Kililetwa na chombo, kikiwa kidogo cha kubebwa mkono mmoja. Siku chache baadaye kilimwuma kidoleni. Jeraha lilikuwa kama mkwaruzo wa mwiba. Mama yake akasema, ni meno yanaota, kibwa kidogo kama hiki kina ubaya gani? Wiki ile ile kijibwa kikafa. Wakakizika, watoto wakalia, mambo yakaisha. Baada ya wiki sita hivi mtoto akaanza homa na kusema kidole kinamwasha. Kisha akashindwa kunywa maji. Akiletewa kikombe, koo linamkaza, anatetemeka. Wengine wakasema amerogwa. Walipomfikisha hospitali ilikuwa imekwisha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa ya kukirudisha nyuma.

Ndugu zetu, mama yule hakuwa mzembe. Alidanganywa na udogo wa mbwa. Kichaa kimo katika mate, na mate ya mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa yanaua sawasawa na ya mbwa mkubwa. Tena watoto wa mbwa ni hatari zaidi kwa namna moja: sote tunawabeba, na hakuna anayewaogopa.

Kwa hiyo mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osheni jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Dakika 15 ni nyingi, hesabuni kwa saa. Msitie pilipili, mafuta ya taa wala majani. Halafu nendeni kituo cha afya siku ile ile, msingoje kuona. Sindano za kuzuia zipo, na ni kadhaa, kwa siku zinazopangwa na mganga. Msikatize katikati. Tunajua kutoka huku hadi Mtwara mjini ni mbali na barabara ni mchanga. Hata hivyo nendeni. Mbwa mwenyewe kama yupo, afungwe atazamwe siku 10. Asiuawe kwa hasira kisha akatupwa.

Lakini kinga ya kweli ni kumchanja mbwa. Kuna maneno yanayopita vijijini kwamba mtoto wa mbwa hachanjwi mpaka afike miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linasema vingine: siku ya chanjo apelekwe kila mbwa, hata mdogo, kisha arudiwe kama mtaalamu atakavyoelekeza. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Jambo hili si ndoto. Kuanzia mwaka 2010 hivi, Serikali pamoja na Shirika hilo waliendesha chanjo ya mbwa katika mikoa ya kusini mashariki, Mtwara na Lindi zikiwamo, na pia Pemba. Kule Pemba ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Chanjo ikalegea, na mwaka 2016 ukarudi, umeletwa kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, ukatoweka tena. Nasi tuna majahazi, tuna mitumbwi inayovuka Ruvuma kwenda Msumbiji na kurudi. Mtu akikuletea kijibwa kutoka ng'ambo, mwulize cheti cha chanjo kabla ya kumwuliza bei.

Siku ya chanjo mbwa aletwe na mtu mzima, akiwa na kamba. Msiwatume watoto. Mwaka jana tuliona mtoto wa miaka sita akivutwa na mbwa wawili mpaka chini ya mkorosho, na watu wazima wanacheka.

Mlitaka kujua yule mama alichagua nini. Alikwenda mara mbili kwa jirani mwenye mbwa mpole wa rangi ya udongo, akamchukua jike mmoja wa wiki 9. Amechanjwa, ana chombo chake cha kigae chini ya mwembe. Wajukuu walitaka aitwe Simba. Bibi, ambaye miaka mitatu iliyopita alikuwa hajui kushika kalamu, alifungua daftari akaandika tarehe ya chanjo ijayo, na mbele yake akaandika jina alilolitaka yeye: Subira.