Mwenye Meli na Mwenye Gati

Wachungaji, mapadri, akina mama, na ndugu zangu nyote wa Homa Bay na Migori,

Mtauliza: mambo ya Mombasa yatuhusu nini sisi tulio kando ya ziwa? Yatuhusu. Kontena la mbolea likikwama bandarini, kampuni ya meli humtoza mwenye mzigo kwa kila siku ya kuchelewa, na bandari nayo humtoza ada ya kuhifadhi. Gharama hizo huongezwa juu ya bei, na mlipaji wa mwisho ni mkulima wa Rongo.

Sipingi kampuni za meli kushirikiana na bandari. Meli inayojua itapewa gati lini haikai baharini ikiteketeza mafuta, na bandari nayo hupanga mitambo yake mapema. Ubaya huanza mmoja anaposhika pande zote mbili. Ndiyo sababu Sheria ya Meli za Biashara ya 2009, katika kifungu cha 16, iliwakataza wenye meli kuendesha pia gati la makontena. Kwani mwenye vyote viwili ataanza kupakua meli ipi: yake au ya mshindani wake?

Hata hivyo, mwaka 2019 ulizuka mpango wa kulikabidhi gati la pili la makontena, lililojengwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa 2016, kwa Shirika la Kitaifa la Meli likishirikiana na kampuni ya MSC. Tuliambiwa shirika litafufuka na vijana wetu watapata kazi ya ubaharia. Chama cha Wafanyakazi wa Bandari kilipinga. Kazi ni jambo jema; lakini ahadi isiyoandikwa katika mkataba, na mkataba usioonekana, utaidai katika mahakama gani?

Kanisa nalo lina la kusema. Hapo jirani, ng'ambo ya Isebania, Bunge la Tanzania liliidhinisha makubaliano ya bandari na Dubai mwezi Juni 2023. Agosti maaskofu Wakatoliki wakatoa tamko la kuyapinga, wakisema wananchi hawayataki. Mikataba ilitiwa sahihi Oktoba vivyo hivyo, lakini hakuna awezaye kusema kondoo hawakuwa na mchungaji.

Sisi tunacho kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya 2016 huipa ofisi siku 21 za kujibu. Barua ya kuiomba Halmashauri ya Bandari mikataba yake na kampuni za meli iko mezani, karibu na mlango. Mtakaotia sahihi, andikeni na nambari ya kitambulisho.