Zawadi ya Mgomba Isiwe Zawadi ya Ugonjwa

Ndugu msikilizaji, sisi tunaoishi mjini hatupendi kwenda kwa wazazi mikono mitupu. Miaka kadhaa iliyopita, nikitoka kikazi Bukoba, nilimpelekea mama yangu machipukizi sita ya migomba kijijini kwetu Kibara, kando ya Ghuba ya Speke. Niliyatia ndani ya gunia na udongo wake, nikajiona nimefanya la maana.

Mama aliyapanda karibu na migomba yake ya siku zote, pale yanapomwagika maji ya kuogea. Mwaka wa pili upepo wa ziwani ulivuma kidogo tu, mgomba wenye mkungu ukalala chini. Ukafuata wa pili, na wa tatu. Yangu na yake. Tulipopasua shina la chini tulikuta limetobolewa vijia vyeusi. Bwana shamba akatuambia kuwa huyo ni fukusi, na kwamba mara nyingi husafiri ndani ya miche. Mama hakunigombeza. Alisema tu, “Mwanangu, safari nyingine niletee sukari.”

Tangu siku hiyo nimejifunza namna ya kugawa mgomba. Kwanza ni wakati: subiri mvua zianze, mche upate kushika kabla ya kiangazi. Pili, chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, lililonenepa chini. Lile dogo lenye majani mapana limejishika kwa mama yake kidogo tu, halina nguvu. Tatu, fukua udongo, ukate pale linapoungana na mama kwa chombo kikali na safi, kisha ufukie kidonda. Usiyamalize yote. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, nawe utavuna mfululizo.

Nne, na hapa ndipo nilipokosea mimi: safisha mche huko huko ulikotoka. Kata mizizi yote, menya ganda la chini mpaka pawe peupe. Ukiona vijia vyeusi, kata mpaka viishe. Vikiwa vingi, tupa. Halafu chovya sehemu hiyo katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu. Ukizidisha, utakuwa umepika.

Hata hivyo, maji ya moto hayatibu kila kitu. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba mnyauko wa bakteria umeingia mkoani Kagera, ambako wengi huuita unyanjano. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoka utomvu wa manjano. Ugonjwa huu hauna dawa. Mche unaweza kuonekana mzima kumbe umeubeba, na panga lililokata mgomba mgonjwa huuhamishia kwenye mzima. Kwa hiyo usichukue hata chipukizi moja kutoka shamba lenye ugonjwa huo, na panga lipitishe motoni kila unapohama shina.

Ndugu msikilizaji, gunia langu lingeweza kubeba balaa hilo pia. Mgomba wa mama si pambo. Ni chakula, na wakati mwingine ni ada ya mtoto. Kama huna hakika na shamba ulikotoa mche, basi fanya kama alivyosema mama: peleka sukari.