Kurekodi Nyimbo kwa Kompyuta: Hatua za Mwanzo



Usukuma ni nchi ya nyimbo. Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma tangu enzi za mababu, na wakulima huimba wakilima pamoja. Hata hivyo, nyimbo nyingi zimo vichwani mwa wazee tu, na nyingine zimo katika kaseti zinazochakaa. Mzee akifariki, huzikwa nazo. Kompyuta ya kawaida yaweza kupunguza hasara hiyo.

Programu ya Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, hupatikana bure na hutumika hata katika kompyuta zisizo na nguvu kubwa. Anayeanza na afuate hatua hizi.

Kwanza, achague chumba tulivu chenye mapazia au magodoro, kwa kuwa kuta tupu hurudisha mwangwi. Feni izimwe, na mvua ikipiga bati kazi isubiri.

Pili, maikrofoni ikae umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi isivume.

Tatu, sauti ijaribiwe kabla ya kurekodi. Kipimo kisifike kileleni. Kibaki takriban desibeli 12 chini yake. Sauti ndogo huongezwa baadaye, lakini iliyopasuka ni vigumu kuitengeneza.

Nne, ngoma irekodiwe kwanza, kisha mwimbaji aisikilize kwa vipokea sauti vya masikioni huku akiimba.

Tano, nakala ya asili ihifadhiwe kama WAV. MP3 hupunguza ubora, hivyo ifae kwa kutumiana kwa simu tu. Nakala ya pili iwekwe katika flashi, nyumba nyingine.

Kaseti nazo huhamishwa kwa waya kutoka redio hadi kompyuta. Upande wa dakika 30 huchukua dakika 30, haraka haipo.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kila faili liandikwe jina la mtunzi, mwimbaji, kijiji na tarehe, na mzee aombwe idhini kabla ya kurekodiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Kijana anayeuza wimbo wa babu yake bila kumtaja humpora aliyemlea.

Wazee wangalipo. Wafuatwe sasa.