Kenchi na Ufungaji Wake: Misingi ya Kupaua Nyumba ya Kuishi



Mwenye nyumba akija saiti siku za kupaua, swali lake la kwanza huwa la bati: geji gani, rangi gani. Kenchi haiulizii, maana dari likishapigwa hataiona tena. Mada yangu inahusu hicho kisichoonekana, na hoja ninayoileta ni moja: kupaua ni kufunga. Paa huanza kushindwa kwenye maungio.

Chukua vipande vinne vya mbao, vipigilie msumari mmoja kila kona, kisha sukuma ubavuni. Vitalala. Vipande vitatu vikipigiliwa vivyo hivyo havisogei mpaka ubao uvunjike au msumari ung'oke. Ndiyo sababu kenchi ni pembetatu, nayo hugawanywa ndani kwa pembetatu ndogondogo. Mbao mbili za mteremko, ambazo wazee wa pwani walipotumia miti waliziita makombamoyo, hukutana kileleni, na uzito wa juu huzifanya zitanue miguu na kusukuma kuta nje. Kinachozizuia ni ubao wa chini unaolala kutoka ukuta hadi ukuta.

Ubao huo huvutwa usiku na mchana kama kamba. Ninaumia kila nikikuta umeungwa katikati ncha kwa ncha kwa misumari miwili. Kiungo hicho kinataka vipande vya mbao pande zote mbili, virefu, vyenye misumari ya kutosha. Na anayeukata baadaye ili apate nafasi ya tangi la maji, ameikata kamba yenyewe.

Ubao wa 2 kwa 4 ukisimamishwa kwa upande wake mwembamba hubeba mara mbili ya ule uliolazwa, na hupinda robo tu. Mbao ni ileile na bei ni ileile. Mbao mbichi nayo ni hasara: paini ya Sao Hill ikipandishwa ikiwa na maji, itasinyaa ikiwa juu, na misumari italegea.

Vipimo vifanyike chini. Pima mishazari ya nyumba kwanza; isipolingana, kona haziko sawa. Nyumba yenye upana wa mita 7.2 ina nusu ya 3.6. Ukiinua kilele mita 1.5, ubao wa mteremko kutoka kileleni hadi ukutani ni mita 3.9 kamili. Ongeza upenu hapo.

Sasa upepo, ambao ndio ulionifanya nikubali kuzungumza leo. Tumezoea kudhani kazi ya kenchi ni kubeba tu. Bati ni jepesi. Upepo ukipita juu yake hulinyonya kwenda juu, na ukiingia chini ya upenu hulisukuma kwenda hukohuko. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Pwani yetu inavijua vimbunga: Zanzibar mwaka 1872, Lindi mwaka 1952. Kwa hiyo bati lishikwe na papi, papi zishikwe na kenchi, kenchi ishikwe na ubao wa juu ya ukuta, na ubao huo ushikwe na mkanda wa zege. Pakiachia mahali pamoja, vyote vilivyo juu yake vinaondoka.

Panapoachia zaidi ni pale pa mwisho, na sote tunajua kwa nini. Mwashi anamwaga mkanda, anasawazisha vizuri, analipwa, anaondoka. Seremala anafika wiki mbili baadaye na kukuta zege kavu lisilo na chuma cha kufungia, naye anapigilia misumari ya zege ili kazi isisimame. Ombi langu kwenu: seremala aitwe saiti kabla zege halijamwagwa, aje na kamba na chaki, aoneshe kila kenchi itakapokaa, na hapo pachomekwe nondo au pati ya chuma yenye urefu wa kutosha kuzunguka ubao.