Mafuta ya Karafuu na Mnyauko wa Tungule

Tumeulizwa kama mafuta ya makonyo ya karafuu, mfano wa yale yatolewayo kiwandani Wawi, yanatibu mnyauko wa tungule. Yana yujenoli, kemikali inayoua bakteria katika maabara, hilo hatulipingi. Lakini bakteria wa mnyauko hukaa udongoni na kuingilia mizizini, na dawa inyunyizwayo majanini haiwafikii. Tena yakiwa makali huunguza mmea: Marekani huuzwa kuulia magugu! Basi chupa isiyo na lebo wala kipimo, msiinunue. Kwanza likateni shina, mlitumbukize katika gilasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe kama maziwa, ndio ugonjwa huo. Ung'oeni mche, muuchome, na hapo pandeni mahindi, si bilingani wala pilipili.