Waranti ya Wakala au Spana Yako: Mwenye Trekta wa Nkende Aamueje?



Utangulizi

Hapa Nkende, Tarime, tumekulia kwenye plau la ng'ombe. Ulimi ukiisha unanunua mwingine, nati ikilegea unaikaza mwenyewe, kazi inaendelea. Mazoea hayo tumeyahamishia kwenye trekta, na hapo ndipo ugomvi na mawakala unapoanzia: mtu anafungua giaboksi iliyo bado chini ya waranti, kisha anadai apewe nyingine bure. Wapo pia wanaoacha trekta limelala shambani katikati ya masika wakimsubiri fundi wa wakala, kumbe ni filta ya dizeli tu iliyoziba.

Hoja yangu ni hii: waranti hulipa spea, hailipi msimu. Uamuzi utegemee kilichoharibika na siku zilizobaki za kulima.

1. Waranti inabeba nini

Kwa kawaida waranti ya trekta jipya huhesabiwa kwa miezi au kwa saa za injini, chochote kitakachotangulia kufika. Hubeba kasoro za kiwandani. Vinavyolika kwa matumizi, kama filta, mikanda na sahani ya klachi, mara nyingi ni juu yako, na vivyo hivyo madhara ya dizeli chafu. Sevisi nayo ni sharti. Kwa matrekta mengi, sevisi ya kwanza hufika kwenye saa 50, oili ikiwa imeshabeba chembe za chuma kutoka kwenye gia mpya. Ukiiruka, umempa wakala sababu ya kukukatalia.

Halafu kuna usafiri. Fundi wa wakala akitoka Mwanza, hadi hapa ni karibu kilomita 300. Pampu unaweza kupewa bure, lakini nauli na posho ya fundi zikakuangukia wewe.

2. Waranti na uhai wa aliyeitoa

Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilipoingia mradi wa kuunganisha matrekta ya URSUS ya Poland pale eneo la viwanda la TAMCO, Kibaha, lengo lilikuwa matrekta 2,400. Mwaka 2021 kampuni ya URSUS yenyewe ilitangazwa kufilisika huko kwao. Kiwanda kikianguka, karatasi ya waranti hubaki na mihuri yake, lakini spea utazitafuta kwingine. Kabla ya kununua, uliza nani mwingine anauza spea za aina hiyo.

Marekani kilio ni kingine. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilitunga sheria ya kuwabana watengenezaji wawape wakulima vitabu vya ufundi, spea na programu za kupimia hitilafu, kwa kuwa matrekta mengi ya kule yanaendeshwa na kompyuta. Sisi tunaotumia matrekta ya kawaida kinachotubana ni umbali na spea.

3. Kazi za mwenyewe na kazi za wakala

Kusafisha filta ya hewa, kupiga grisi, kumwaga maji kwenye kikombe cha dizeli na kukaza mkanda wa feni ni kazi za dereva. Kutoa hewa kwenye dizeli pia: tangi likikauka, jaza, legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono hadi povu liishe na dizeli itoke safi, kisha kaza. Hapo huhitaji kumwita mtu kutoka Mwanza.

Pampu ya injekta, giaboksi, haidroliki na injini yenyewe visiguswe muda wa waranti haujaisha. Ukikata sili, umekata haki yako.

4. Mapendekezo

- Kabla ya kusaini, mkataba utaje siku ambazo fundi atafika na nani atalipa usafiri wake.
- Andika daftari la saa za injini na kila sevisi; tunza risiti za oili na filta.
- Kubwa likiharibika ndani ya waranti, piga picha, soma mita ya saa, toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo. Wakati unasubiri, kodi trekta la jirani au funga ng'ombe.
- Waranti ikiisha, wenye matrekta ya aina moja tuchangie spea za haraka na tumsomeshe fundi mmoja wa hapa hapa.